Shanga za Sanaa Gateja: Sanaa au Ufundi?

Ukiteremka kilima cha Makerere kuelekea kaskazini unafika Bwaise. Mvua kubwa ikinyesha, maji yanayoelekea bonde la Lubigi hufurika mitaani, na yakipungua huacha mitaroni chupa, mifuko na makaratasi. Makaratasi hayo ndiyo yaliyotukumbusha Sanaa Gateja, msanii aliyezaliwa Kisoro mwaka 1950, ambaye jina lake pekee linatupa walimu wa Kiswahili kazi ya ziada.

Gateja alisomea usonara katika chuo cha Goldsmiths, London. Tangu arudi Uganda, malighafi yake kuu ni karatasi iliyokwisha kutumika. Hukatwa vipande virefu vya pembetatu, huviringishwa kwenye sindano na kutiwa gundi hadi ziwe shanga. Maelfu ya shanga hizo hushonwa juu ya kitambaa cha gome la mutuba, kile ambacho utengenezaji wake Buganda ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005.

Wapo wanaosema huo ni ufundi wa akina mama wa sokoni, si sanaa ya majaribio. Hatukubaliani nao. Mwaka 1919, mjini Hannover, Kurt Schwitters alikata neno la Kijerumani "Kommerz", yaani biashara, akabaki na "Merz", akalifanya jina la kazi alizozibandika kwa takataka za barabarani. Gateja ni wa ukoo huo, ila anakwenda mbali zaidi. Schwitters anatuachia silabi tusome. Gateja anayakunja maandishi yote ndani. Tangazo, habari, bei, vyote vinageuka rangi tu. Kwa sisi tunaokula kwa kusahihisha maandishi, jambo hilo linaogofya kidogo, na ndiyo nguvu ya kazi hizi.

Lalamiko letu ni jingine. Shanga hizo haziviringishwi na mkono mmoja. Gateja amewafundisha na kuwaajiri watu wengi, hasa wanawake. Lakini kazi zilipoonyeshwa Carnegie International, Pittsburgh, mwaka 2022, na katika banda la Uganda huko Venice mwaka 2024, wahakiki, nasi tukiwamo, tulizungumzia jina moja.

Darasani tumezoea kutenga sanaa na ufundi, ilhali neno "sanaa" lilitujia kutoka Kiarabu, ambako lilihusu kazi ya mikono. Mwanafunzi mmoja alituuliza kama kumwita msanii huyu "fundi Gateja" ni kumvunjia heshima. Tulimjibu ovyo. Baadaye tulinunua ushanga mmoja wa karatasi sokoni, tukajaribu kuukunjua mbele ya darasa. Vanishi ilikuwa ngumu. Tulisoma nusu ya neno, karatasi ikapasuka.