Kuku wa Merikani

Ndugu msomaji, katika kurasa hizi tumehakiki riwaya, tumehakiki tamthilia, tumegombana mpaka basi juu ya mashairi ya vina na mashairi huru. Leo nataka kuhakiki mapishi. Usicheke. Mapishi ni maandishi kama maandishi mengine: yana mwandishi, yana msomaji, yana fani na maudhui, na yanaweza kuwa mazuri au mabovu. Tena hakimu wake ni mkali kuliko mhariri yeyote, maana msomaji akimaliza kusoma anakula alichosoma.

Mapishi yenyewe ni ya kuku wa kukaanga mkavu, yule ambaye ukiliuma ganda lake linalia "kra!" mpaka jirani anageuka. Nina karatasi mbili mezani. Ya kwanza imekatwa kwenye jarida, nayo ni tafsiri kutoka Kiingereza. Ya pili imeandikwa kwa kalamu ya bluu katika daftari la shangazi yangu wa Isevya, hapa Tabora mjini, ambaye kila jioni anakaanga kuku wa kuuza.

Tuanze na ile ya jarida. Lugha yake ni safi, vipimo vyake vimenyooka kama wanajeshi. Inataka maziwa yaliyobaki baada ya kutengenezwa siagi, paprika, unga wa vitunguu saumu, sufuria nzito ya chuma, kipimajoto cha mafuta, na friji la kumlaza kuku usiku kucha. Sasa mwambie kijana wa Ng'ambo au Chemchem, mwenye jiko moja la mkaa, aanze kutafuta hayo. Akifika mstari wa tatu anafunga jarida. Mimi simlaumu. Karatasi ile inampa majina ya vitu, haimwambii kila kitu kina kazi gani. Anachobaki nacho kichwani ni kimoja tu: huyu kuku ni wa watu wengine.

Daftari la shangazi halina hata kimoja cha vile, lakini kuku anatoka. Siri yake ni neno dogo ambalo karatasi ya kwanza haina kabisa: neno "ili". Kuku alale kwenye maziwa mgando tangu asubuhi ili alainike na chumvi iingie ndani. Unga wa ngano uchanganywe na unga wa muhogo ili ganda livunjike, lisivutike kama chapati. Kuku akishapakwa unga akae robo saa ili unga ushike. Akitoka kwenye mafuta asifunikwe, awekwe juu ya wavu wa kuchomea mahindi, ili mvuke utoke usije ukamlowesha tena. Na kabla ya yote linakuja swali: kuku gani? Wa kisasa anaingia mafutani moja kwa moja. Wa kienyeji, aliyezunguka mji mzima akikimbizana na watoto, achemshwe kwanza kwa tangawizi na vitunguu saumu, kisha apozwe na akaushwe vizuri, la sivyo utatafuna mpaka usiku wa manane.

Hayo "ili" ndiyo maudhui. Maziwa ya siagi yalitakiwa kwa uchachu wake, na uchachu huo tunao kwenye maziwa mgando. Kipimajoto kinatafuta mafuta ya nyuzi 170 hadi 180. Shangazi anachovya ncha ya mwiko mkavu, mapovu madogo yakiuzunguka haraka anajua mafuta yako tayari. Vipande havijazwi sufuriani, kwa sababu nyama baridi ikiwa nyingi mafuta yanapoa, na mafuta yaliyopoa yanaingia ndani ya unga badala ya kuukausha. Mwandishi akikueleza kazi ya kitu, umeshakuwa huru. Unaweza kukosa kitu chenyewe ukatafuta kingine cha kuifanya kazi ileile.

Kuna mwenzangu mmoja wa kijiweni anasema hiyo ni "kuku feki", eti wa kweli ni yule wa Marekani. Basi twende Marekani tukamwone. Mwaka 1824 Mary Randolph wa Virginia alichapisha kitabu cha mapishi kiitwacho The Virginia House-Wife, na kuku wa kukaanga yumo. Viungo vya kumkaangia? Unga, chumvi na mafuta ya nguruwe. Basi! Na katika majiko ya Kusini enzi hizo, waliokuwa wakisimama mbele ya sufuria mara nyingi walikuwa watumwa wenye asili ya Afrika. Baada ya utumwa kukomeshwa, akina mama weusi wa mji wa Gordonsville, Virginia, walibeba kuku wa kukaanga kichwani, wakawauzia abiria kupitia madirisha ya treni na kujipatia riziki. Msomaji aliyewahi kupanda treni ya Reli ya Kati na kununua kuku dirishani pale Saranda ataelewa kwa nini nilipojua habari hiyo nilitabasamu. Makopo ya viungo vya siri na kampuni zenye mabango zilikuja nyuma sana. Harland Sanders alitoa haki ya kwanza ya kuuza kuku wake kwa jina la Kentucky Fried Chicken mwaka 1952. Kwa hiyo kuku wa "kweli" alianza kama wa shangazi: mtu na alichonacho.

Ukitaka kuona hasara ya kushika jina la kitu na kusahau kazi yake, tazama Kenya. KFC walifungua Nairobi mwaka 2011. Januari 2022 maduka yao yakaishiwa chipsi. Viazi vyao vilikuwa vikiagizwa kutoka nje, na meli zilichelewa wakati ule wa korona. Watu wakaja juu: viazi Kenya ni zao kubwa la chakula, la pili baada ya mahindi, wakulima wanavyo tele! Kampuni ikajieleza kwamba kila anayewauzia lazima kwanza apasishwe kwa viwango vyao vya ubora. Sawa, viwango ni muhimu, hakuna anayetaka kuumwa tumbo. Lakini picha hiyo ibaki kichwani: nchi ina viazi, duka halina chipsi. Nitairudia nikifika kwenye hadithi zetu.

Kwanza niseme kidogo kuhusu mji huu, maana Tabora ina haki ya kuzungumza juu ya vitu vya kuja. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita hapa, ikaenda Ujiji. Kitambaa kilichopendwa sana njiani kiliitwa merikani: pamba iliyofumwa viwandani Marekani, ikashushwa Unguja, ikabebwa na wapagazi wa Kinyamwezi. Kilipofika huku kilikuwa nguo na kilikuwa fedha pia, watu wakajifunga walivyotaka wao na kukipa jina la Kiswahili. Mahindi, muhogo na karanga, ambavyo leo tunaapa kuwa ni vya asili, asili yake ni Amerika. Hata kuku kabila lake limetoka Asia. Burton na Speke walipoingia Kazeh, yaani Tabora hii, Novemba 1857, mwenyeji wao alikuwa Snay bin Amir, mtu aliyeanza maisha kama mpika peremende na halua huko Maskati, kabla ya kutajirika kwa pembe na, tusifiche, kwa watumwa. Njia ile ilibeba machozi pamoja na mizigo. Lakini waliobaki walifanya kazi ambayo kila mpishi anaijua: kuchukua kilichofika, kuuliza kinafanya nini, na kukifanya chao.

Sasa nije kwenu, waandishi wenzangu. Hadithi tunazoletewa hapa mezani nyingi zimeandikwa kwa karatasi ya kwanza. Mhusika anakaa Kanyenye, lakini akiwa na huzuni anakwenda dirishani kutazama mvua nyepesi ya London. Mpelelezi anawasha sigara kwenye baa yenye mwanga wa bluu, anamwita mhudumu kwa kidole, na mhudumu hana jina wala kabila wala deni. Wapenzi wanakula kuku kwenye ndoo ya karatasi, katika mji ambao kuku anafungiwa kwenye gazeti. Nikiuliza kwa nini, najibiwa: "Hadithi ya upelelezi lazima iwe na baa." Bwana, lazima gani? Baa katika hadithi ya Chicago ina kazi: ni mahali ambapo watu wasiojuana wanasikia habari za watu. Kazi hiyo Tabora inafanywa na kinyozi, na foleni ya bomba la maji, na benchi la stesheni usiku treni ikichelewa. Viazi tunavyo. Duka letu limeishiwa chipsi kwa sababu tunangoja meli.

Na asiniambie mtu kwamba huu ni ushauri wa kujifungia kijijini. Julius Nyerere alisoma shule hapa Tabora kuanzia 1937, akarudi kufundisha St. Mary's kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Mtu huyo alimchukua Shakespeare mzimamzima. Tamthilia ambayo kwa Kiingereza inamtaja mfanyabiashara mmoja wa Venice, yeye mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, akaiita Mabepari wa Venisi. Waweza kubisha kwamba amezidisha chumvi. Lakini aliuliza neno lile linafanya kazi gani kwa msomaji wake, akatafuta la kuifanya. Huo ni unga wa muhogo, ndugu zangu.

Mhakiki asiyeona kasoro ni mpiga debe, kwa hiyo shangazi naye asikie yake. Daftari lake limejaa "kiasi", "mpaka utakapoona", "chumvi ya kutosha". Ya kutosha nani? Linaeleweka kwa aliyesimama naye jikoni, na asiyekuwepo anaambulia patupu. Waandishi wetu wa mitaani wana ugonjwa huohuo: wanaandika kwa ajili ya washkaji wa kijiwe kimoja, wa Urambo hapati kitu, seuze wa Mombasa. Karatasi ya jarida ina vipimo bila sababu, daftari lina sababu bila vipimo. Kazi ya kijana anayetaka kuandika ni karatasi ya tatu. Mimi nimejaribu hii:

Kuku mmoja wa kisasa, vipande vinane. Nusu lita ya maziwa mgando, kijiko kimoja cha mezani cha chumvi, punje tano za vitunguu saumu zilizopondwa, na pilipili kichaa moja. Alale humo saa nne, mahali pa baridi au ndani ya chombo kilichozungukwa na maji baridi yanayobadilishwa. Vikombe viwili vya unga wa ngano, nusu kikombe cha unga wa muhogo, kijiko cha chai cha chumvi na cha pilipili manga. Nyunyizia unga huo vijiko vitatu vya maziwa yaleyale, usugue kwa vidole ili yatokee mabonge madogo. Hayo ndiyo yatakayolia "kra". Paka, ngoja robo saa, kaanga kwenye mafuta ya alizeti dakika 12 hadi 15, mapaja yakae zaidi. Choma kisu penye mfupa: maji yakitoka meupe kaiva, yakiwa mekundu mrudishe.

Huna alizeti, tumia mafuta ya karanga. Una mawese ya Kigoma, tumia, ila ujue ladha yake itasikika na mgeni atauliza. Huna pilipili manga, acha. Huna maziwa, kamua ndimu kwenye maji kidogo, lakini usimlaze zaidi ya saa moja, nyama itageuka unga.

Halafu chukua hadithi yako iliyokwama. Andika pembeni ya kila kitu ulichoazima neno "ili", ujibu. Usipopata jibu, kifute. Ukipata, toka nje ukatafute kinachofanya kazi hiyo mtaani kwako, kisha utuletee. Nafasi ipo.