Rilke na Ufundi wa Barua

Barua kumi ambazo mshairi Rainer Maria Rilke alimwandikia Franz Kappus kati ya 1903 na 1908 zimesomwa sana, na nadhani wengi wamezisoma vibaya. Wanazipokea kama nasaha za mzee aliyekwisha kula chumvi nyingi. Mzee huyo, alipoandika ile ya kwanza akiwa Paris, alikuwa na miaka 27, mfukoni hana kitu, na vitabu vilivyokuja kumpa jina kubwa vingi alikuwa hajaviandika. Kappus, mwanafunzi wa chuo cha kijeshi huko Wiener Neustadt, Austria, alikuwa na miaka 19.

Mimi nasaha zenyewe hazinishughulishi sana. Nashughulishwa na alichokifanya Mei 1904 akiwa Roma. Aliichukua soneti ya Kappus, akainakili kwa mkono wake, akamrudishia mwenyewe, ili kijana aisome katika mwandiko mgeni kana kwamba imetungwa na mtu mwingine. Hayo ni mawazo ya fundi. Angeweza kumsifu kwa sentensi moja yakaisha. Yeye akaona afadhali amfundishe kuitazama kazi yake kwa mbali.

Kutazama huko naye alikuwa akijifunza, na darasa lake lilikuwa barua. Mwaka 1907 Paris ilifanya maonyesho makubwa ya kumkumbuka mchoraji Cézanne, aliyefariki mwaka uliotangulia. Rilke alikwenda karibu kila siku, kisha jioni akamwandikia mkewe, Clara Westhoff, mchongaji wa sanamu, ambaye alikuwa mbali. Katika barua hizo hakuna porojo. Anaeleza rangi inavyojibizana na rangi jirani yake. Anamweleza mwanamke aliyeketi katika kiti chekundu mpaka kiti kinakuwa na uzito. Anaanza, anajisahihisha, anaanza tena. Anatafuta namna ya kusema kitu kilivyo bila kukipamba. Mshairi mwingine angeficha majaribio hayo kwenye daftari. Yeye aliyatia stempu, akayapeleka posta.

Tena aliyoyaandika katika barua aliweza kuyachukua baadaye akayatumia vitabuni. Mateso ya miezi yake ya mwanzo mjini Paris alikuwa amemsimulia rafiki yake Lou Andreas-Salomé kwa barua mwaka 1903: hospitali, mafukara, mtu aliyekuwa akitetemeka barabarani kwa maradhi. Riwaya yake juu ya Malte Laurids Brigge ilipotoka mwaka 1910, sehemu za barua zile zilikuwa ndani. Kwa hiyo namwamini alipoandika katika wosia wake kwamba sehemu ya nguvu zake za utunzi aliielekeza kwenye barua, na kwamba hakuna kizuizi cha kuzichapisha. (Si kila barua ilimletea heri. Mchongaji Rodin, aliyekuwa amemwajiri kumwandikia barua zake, alimfukuza mwaka 1906 kwa kuwajibu baadhi ya watu bila idhini.)

Lakini ufundi huu ulikuwa na gharama, na hakuilipa peke yake. Binti yake Ruth alizaliwa Desemba 1901. Haukupita muda mrefu akaachwa kwa wazazi wa Clara, baba akaondoka kwenda Paris. Mtu aliyejua kukaa karibu sana na mgeni kwa karatasi alishindwa kukaa nyumba moja na watu wake. Ruth alipoolewa mwaka 1922, Rilke hakuhudhuria. Alikuwa Uswisi, katika mnara wa Muzot, mahali alipokamilisha mashairi yake yaitwayo Tenzi za Duino Februari ya mwaka huohuo na, usiku uleule, akashika kalamu kumpasha habari mfadhili wake Marie von Thurn und Taxis. Sioni haja ya kumtetea, wala sidhani kwamba mashairi yanamfutia deni hilo.

Alifariki Desemba 1926 kwa saratani ya damu. Juzuu za mwanzo za barua zake, kwa Clara, kwa marafiki, kwa mabibi waliomfadhili, zilihaririwa na Ruth pamoja na mumewe, Carl Sieber.