Ajenda ya mitumba: ilivyoingia Arusha na ilivyotoka Kampala

Machi 2016, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha wakaazimia kwamba nguo na viatu vya mitumba viache kuingizwa nchini mwao ndani ya miaka 3, ili viwanda vya nguo na ngozi vya ukanda huu vipate soko. Februari 2018 walikutana tena Kampala, na azimio lile likawekwa kando. Wengi hulisimulia tukio hili kama kisa cha taifa kubwa kuwatisha wadogo. Vitisho vilikuwepo, sikatai. Lakini ukifuatilia jinsi suala lenyewe lilivyofika mezani, utaona kwamba udhaifu wake ulikuwepo kabla Marekani haijatamka neno. Jumuiya ilitaja lengo na muda, ikaacha wazi swali la nani angebeba gharama, na swali linaloachwa wazi hujibiwa na atakayewahi kulishika.

Mkataba wa Jumuiya, uliotiwa saini Novemba 1999, unaupa Mkutano wa Wakuu wa Nchi kazi ya kutoa mwelekeo, na maamuzi yake hufikiwa kwa maafikiano. Baraza la Mawaziri ndilo chombo cha sera, na Sekretarieti iliyoko Arusha huandaa na kufuatilia utekelezaji. Maafikiano yana faida yake, kwa kuwa hakuna nchi inayoburuzwa. Yana hasara pia: njia nyepesi ya kuyapata ni kukubaliana juu ya jambo ambalo hakuna awezaye kulipinga hadharani, na ni nani angesimama kupinga viwanda vya nyumbani? Suala la mitumba lilipita kwa njia hiyo. Februari 2015, jijini Nairobi, Baraza liliagizwa kuchunguza namna ya kuikuza sekta ya nguo na ngozi na kusitisha mitumba. Mwaka mmoja baadaye muda ukatajwa. Mchuuzi wa soko la Gikomba, Karume au Owino, ambaye mtaji wake wote umo ndani ya robota moja, hakuonekana katika tamko lile, na wala haikuelezwa mshonaji wa kiwanda cha Athi River angelindwaje iwapo soko lake la ng'ambo lingeguswa.

Soko hilo lilikuwa Marekani, kupitia AGOA, sheria ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa za nchi za Afrika zilizokidhi masharti kuingia huko bila ushuru. Mojawapo ya masharti lilikuwa kuondoa vikwazo dhidi ya biashara ya Marekani. Machi 2017, chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika cha nchi hiyo, SMART, kiliwasilisha malalamiko serikalini kwao, na Juni tathmini maalumu ikatangazwa dhidi ya Rwanda, Tanzania na Uganda. Kenya haikuwemo, kwa kuwa ilikwisha kurudi nyuma. Hapo ndipo ajenda ilipobadilika sura. Arusha swali lilikuwa jinsi ya kufufua viwanda. Sasa likawa jinsi ya kunusuru AGOA. Nchi ni zilezile na marobota ni yaleyale, ila aliyeuliza swali alikuwa mwingine.

Atakayepinga atasema hayo yote ni maneno, mwenye nguvu ndiye hupanga ajenda. Kama nguvu peke yake ingetosha kueleza, nchi zote zingejibu kwa namna moja. Kenya, iliyokuwa ikiuza Marekani nguo nyingi kuliko wenzake, ilijitoa mapema. Burundi ilikwisha kuondolewa katika AGOA tangu Januari 2016, hivyo haikuwa na cha kupoteza huko. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, ilishikilia msimamo wake. Kila serikali ilipiga hesabu yake kivyake, hesabu ambayo ilipaswa kupigwa kwa pamoja kabla ya Arusha.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: bila wakuu wa nchi kuamua, jambo zito haliwezi kusogea katika Jumuiya hii. Ni kweli, nami sisemi wanyimwe kauli ya mwisho. Ninachosema ni kwamba kauli ya mwisho isiwe pia ya kwanza. Ibara ya 59 ya Mkataba inamruhusu mbunge yeyote wa Bunge la Afrika Mashariki kuwasilisha muswada au hoja, ilimradi haibebeshi mfuko wa Jumuiya gharama. Kamati za Bunge hilo zinaweza kuwaita wachuuzi, mafundi cherehani, wenye vinu vya kuchambua pamba na wanunuzi, wakabishana kabla ya tarehe yoyote kutajwa. Mjadala wa namna hiyo huchosha na huchelewesha, na huenda ungelipunguza azimio likabaki kupandisha ushuru hatua kwa hatua. Lakini azimio dogo ambalo kila nchi inajua limegharimu nini ni gumu kung'olewa kwa barua ya chama cha wafanyabiashara wa ng'ambo.

Tanzania na Uganda zililegeza msimamo zikabaki na nafasi zao. Rwanda haikulegeza, na mwishoni mwa Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika msamaha wa ushuru wa AGOA. Azimio lililotolewa kwa jina la Jumuiya nzima lilimalizwa na nchi moja, na ni nchi hiyo pekee iliyolipa.