Bega la Mpagazi

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mabega ya wapagazi yalipumzika, na ilikuwa haki yao. Ila upo ufundi uliotoweka pamoja na mizigo ile, na sioni anayeulilia.

Mnyamwezi alianza upagazi angali mtoto, akitwishwa kipembe kidogo cha ndovu hadi bega lizoee. Begani, si kichwani kama walivyobeba watu wa pwani. Ukubwani alichukua frasila mbili, karibu kilo 32, kutoka Unyanyembe, eneo la Tabora, mpaka Bagamoyo, mwendo wa kilomita zipatazo 800. Bega liliota sugu, nyayo zikachanwa na miiba. Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipoonekana, kwa sababu mtu hakuachiwa maumivu yake peke yake. Kirangozi alitangulia akipima mwendo. Mmoja alianza wimbo, wote wakaupokea, na aliyeamka amekata tamaa akajikuta jioni kambini pamoja na wenzake. Siipambi njia ile. Ilipitisha watumwa, na wagonjwa wengi waliachwa porini.

Lakini wakumbukeni Chuma na Susi. Mwaka 1873 walifika Unyanyembe na wenzao wakiwa wamebeba maiti ya Livingstone, mpelelezi waliyemtumikia, baada ya maradhi kuwalaza njiani kwa wiki kadhaa. Cameron, Mwingereza waliyemkuta hapo, aliwashauri wamzike papo hapo. Wakakataa. Walimfikisha Bagamoyo Februari 1874. Leo tembe la Kwihara, hukohuko Unyanyembe, ni makumbusho yenye jina la aliyebebwa.

Uvumilivu huo nauona tena kwa John Stephen Akhwari, ingawa yeye ni mtu wa Mbulu. Kwenye Olimpiki ya Mexico, Oktoba 1968, alianguka katikati ya marathoni akaumia goti. Walioanza walikuwa 75. Yeye alimaliza wa 57, wa mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia, mguu umefungwa bandeji, uwanja umekwisha kuwa karibu mtupu. Maneno aliyosema baada ya hapo kila Mtanzania anayajua kwa ghibu. Tusilolisimulia ni kwamba mwaka 1970, kule Edinburgh, aliingia tena marathoni ya Jumuiya ya Madola akashika nafasi ya tano kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Kwangu mimi, miaka miwili iliyo katikati ndiyo yenye uzito: goti linalopona, asubuhi za kukimbia bila wa kushangilia. Hiyo ndiyo kazi ya mpagazi, na hiyo ndiyo tusiyotaka kuitazama.

Tunapenda picha ya bandeji. Kijana wetu wa mbio akiteguka leo, salamu hupungua kabla uvimbe haujashuka. Sonona ikimkamata, akashindwa hata kutoka kitandani, tunamwambia ajikaze, awe mwanamume. Wanaume wa Unyanyembe, waliotembea hadi baharini na pembe begani, waliimbiana njia nzima.