Mvumo wa Hezi 50

Fundi aliomba santuri iondolewe, amplifaya iachwe ikiwaka, na feni izimwe. Kisha akainama kwenye spika na kuzungusha kitufe cha sauti. Akiongeza, mvumo unakua. Akipunguza hadi mwisho, unapotea. Kwa hatua hiyo moja alikuwa amefuta nusu ya maswali. Mvumo unaobaki hata sauti ikiwa chini kabisa mara nyingi huwa ni kapasita zilizochoka ndani ya mashine. Unaotii kitufe umeingilia kwenye nyaya za mbele yake.

Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu wa hapa Tanga, ana santuri za dansi za miaka ya 1970, Morogoro Jazz miongoni mwake, na alikuwa na malalamiko mawili: mvumo wa kutwa nzima, na mikwaruzo inayokuja jioni. Alishaambiwa na watu kwamba dawa ni stabilaiza. "Tutaona, mama," fundi akajibu. "Tupime kwanza."

Alianza kwenye meinswichi, si sebuleni. Multimita ikaonyesha volti 232. Umeme wetu umekusudiwa kuwa 230, na mazoea ya kimataifa huruhusu asilimia 10 juu au chini, yaani kuanzia 207 hadi 253. Akaandika saa na namba kwenye daftari la shule lililokunjwa mfukoni. Soketi ya amplifaya ikatoa 231. Fundi mwingine angefunga begi hapo.

Huyu akaomba birika la umeme. Birika la wati 2000 huvuta ampea zinazokaribia 9, na soketi inajulikana tabia yake ikiwa na mzigo. Alilichomeka jirani na amplifaya, akasubiri lianze kuunguruma, akasoma: 221. Akarudi meinswichi, birika likiendelea: 229. Kwa hiyo, kati ya volti 10 zilizoshuka kwenye soketi, 3 zilipotea mtaani na 7 zilipotea humu ndani, kati ya kuta. Volti 7 kwa ampea karibu 9 ni wati 60 hivi za joto, na joto hilo lina mahali linapokaa. Mwalimu aliacha kuchambua mchicha.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyonipendeza kuliko zote. Alirudi kwenye soketi, akahamisha ncha za multimita, moja kwenye nyutro na nyingine kwenye athi. Birika likiwa limezimwa, haikufika volti 1. Likiwashwa, 6 na ushei. Kama upotevu ungekuwa kwenye laivu, namba hiyo isingetikisika. Bila kubomoa chochote akajua ni waya upi unaoumwa, na kwamba mkwaruzo wa jioni huenda ni cheche ndogo kwenye kiungo kilicholegea, saa ambazo friji, pasi na taa vyote vinadai kupitia hapo.

Alizima meinswichi. Akajaribu testa yake kwanza kwenye soketi ya jirani iliyo hai, halafu kwenye laini aliyoizima, halafu akairudisha kwa jirani, maana testa mbovu husema hakuna umeme hata ulipo. Alifungua kisanduku cha kwanza cha viungo, akavuta kila waya kwa vidole, akafunga. Cha pili vivyo hivyo. Cha tatu, juu ya mlango wa jikoni, kilikuwa na nyutro nyeusi ya zamani iliyosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu. Tepu imekuwa kahawia, shaba imepoteza rangi. Hakuikaza tu. Alikata hadi akapata shaba inayong'aa, akamenya plastiki kwa kadiri ya tundu la konekta na si zaidi, akaingiza, akakaza skrubu zote mbili, akavuta, akakaza tena. Birika likarudi: volti 227.

Mvumo ulikuwa bado upo, naye hakushangaa, kwani yalikuwa magonjwa mawili. Alichomoa nyaya za amplifaya moja moja, akisikiliza baada ya kila moja. Ule wa king'amuzi ulipotoka, spika zikanyamaza. Waya wa dishi ulikuwa umegusana na chuma cha paa, nacho kinaingia ardhini kwa njia yake. Amplifaya ina athi yake ya ukutani. Ardhi mbili zikiwa na tofauti ndogo, mkondo hupita katikati yake kupitia waya wa sauti.

Wapo wanaomaliza tatizo hili kwa kukata pini ya athi kwenye plagi. Mvumo huisha kweli, na siku transfoma ikivuja, kasha la chuma linabaki na umeme likimsubiri mtu. Fundi aliiacha pini mahali pake. Aliweka kitransfoma kidogo cha kutenganisha kwenye waya wa sauti wa king'amuzi, kitu kinachoenea kiganjani.

Hakuondoka. Jioni ndiyo yenye kesi, kwa hiyo alikaa hadi baada ya magharibi, akinywa chai na kuandika kila baada ya dakika 15: 228, 224, 219, 218, tena 218. Chaja moja ya simu ilizomea kwenye redio yake ndogo ya betri alipoipitisha karibu, akaihamishia chumbani.

"Na stabilaiza?" mwalimu akauliza.

Akamgeuzia daftari aone namba. Hakuna iliyokaribia 207. "Hela hiyo, mama, nunua sindano mpya. Hii ya santuri imekwisha."

Mwalimu alikubali, ila akataka kujua ni ya bei gani.