Kusaga si kukata: uhakiki wa tafsiri ya maelekezo ya injini ya boti

Katika semina ya tafsiri ya muhula huu, wanafunzi wa mwaka wa tatu walitafsiri kutoka Kiingereza kurasa mbili za kitabu cha maelekezo ya injini ndogo ya dizeli ya boti. Kurasa hizo zinahusu kutengeneza viti vya vali vilivyolika. Huenda msomaji akauliza somo la lugha linahusiana vipi na kichwa cha silinda. Jibu liko ufukweni kwetu. Ziwa Tanganyika linazigusa nchi nne, na kina chake hupita mita 1,400. Boti ikizimikiwa na injini huko katikati, hakuna pa kutia nanga. Tafsiri mbovu ya shairi humchosha msomaji, lakini tafsiri mbovu ya maelekezo haya huwaponza watu walio majini.

Kwanza tueleze kwa ufupi jambo lenyewe. Vali ni mlango wa silinda. Moja huingiza hewa, nyingine hutoa moshi. Ukingo wa vali umeinama, aghalabu kwa nyuzi 45, nao hukalia ukanda mwembamba wa duara uliomo katika kichwa cha silinda. Ukanda huo ndio kiti. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Mafuta huwashwa na joto la hewa iliyoshindiliwa na pistoni. Kiti kikilika, hewa huvuja, joto halitoshi, na injini hukataa kuwaka asubuhi au huwaka kwa shida ikitoa moshi mweupe.

Sehemu kubwa ya mjadala darasani ilihusu nomino. Je, tuseme vali, valvu, au supapu kama wasemavyo mafundi waliojifunza kazi kwa Kifaransa? Kwa mtazamo wetu, hilo ni suala dogo. Mfasiri akichagua neno moja, akalieleza mara ya kwanza na kulishika hadi mwisho, hakuna fundi atakayepotea. Tatizo kubwa la tafsiri hizi limo katika vitenzi.

Kiingereza hutumia kitenzi "grind" kwa kazi mbili. Ya kwanza ni kupaka dawa ya kusagia yenye chembechembe kati ya vali na kiti, kisha kuizungusha vali huku na huku kwa mkono mpaka nyuso mbili zishikane. Ya pili ni kuondoa chuma kwenye kiti kwa jiwe la mashine ili kukirudishia pembe yake. Wengine hufanya kazi hiyo kwa kisu maalumu. Tafsiri nyingi ziliandika "saga" katika sehemu zote mbili. Wanafunzi wanaojua Kifaransa wangeweza kuuona mtego huu mapema, kwani lugha hiyo ina "roder" kwa kazi ya kwanza na "rectifier" kwa ya pili.

Kiswahili nacho hakikupungukiwa. Kusaga ni kazi ya mawe mawili yenye kitu katikati, na ndivyo hasa ilivyo kazi ya kwanza. Ya pili iitwe kukata. Tofauti hii si ya urembo. Fundi aliyeambiwa "saga kiti mpaka alama ziishe", wakati kiti kimelika sana, atasaga kutwa nzima. Ukanda ambao katika injini nyingi ndogo huwa na upana wa milimita 1 hadi 2 utazidi kupanuka, na vali itazama zaidi kichwani. Vali ikizama kupita kiasi, nafasi ya kushindilia hewa huongezeka, na ugonjwa uliokusudiwa kutibiwa hurudi. Kiti cha namna hiyo hukatwa upya, hupunguzwa upana juu na chini kwa pembe nyingine, na kama vali imepita kipimo cha mtengenezaji, hubadilishwa. Kusaga huja mwishoni, tena kidogo tu.

Kasoro ya pili ni ya utata. Tafsiri moja inasema: "Kagua mwongozo kabla ya kukata kiti." Msomaji yeyote atafungua kitabu! Kumbe kinachotajwa ni kile kibomba ambamo shina la vali hupanda na kushuka. Agizo lenyewe ni la msingi, kwa sababu kifaa cha kukatia hujishika katika kibomba hicho ili kipate katikati. Kibomba kikiwa kimelika, kiti kitakatwa upande. Neno "mwongozo" ni sahihi likiwa peke yake, lakini haliwezi kubeba maana mbili katika ukurasa mmoja. "Kibomba cha shina la vali" ni refu zaidi, ila halimpotezi mtu.

Yapo pia ya kusifiwa. Mwanafunzi mmoja hakutafuta nomino ya kufasiri hali ya vali kuziba vizuri, bali aliandika: "Hakikisha vali imekikalia kiti pande zote." Kauli ya kutendea imefanya kazi ambayo istilahi ndefu isingeifanya. Mwingine, katika jaribio la mwisho la kumimina mafuta ya taa kwenye tundu la vali, aliandika: "Yakichuruzika, saga tena, yasipochuruzika, osha dawa yote." Viambishi -ki- na -sipo- vimempa fundi njia mbili bila maneno ya ziada. Onyo la kuosha nalo halikusahauliwa, maana dawa ya kusagia ikibaki itaendelea kula chuma injini ikitembea.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba tafsiri za aina hii zisomwe mbele ya fundi kabla ya kupewa alama. Asiulizwe kama anaipenda istilahi. Aulizwe: "Ukisikia hivi, mkono wako utafanya nini?" Akishika dawa ya kusagia pale anapotakiwa kushika kisu, tafsiri imeshindwa hata kama sarufi yake haina doa. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mafundi wako hapo ufukweni.