Ujuzi Hauzeeki

Wengi wasioufahamu mchezo wa besiboli hudhani kwamba kazi ya mrushaji ni nguvu za mkono tu. Maisha ya Leroy Paige, maarufu kwa jina la Satchel, yamenifundisha vingine. Mtu huyu, aliyezaliwa mwaka 1906 mjini Mobile, Alabama, nchini Marekani, alikuwa fundi wa shabaha, na shabaha ndiyo iliyomweka uwanjani wakati wenzake wa rika lake walishastaafu zamani.

Tuitazame kazi yenyewe. Mrushaji husimama mita 18 na kitu kutoka kwenye kibao kilicholazwa ardhini, upana wake sentimita 43. Pembeni ya kibao yupo mpigaji na gongo lake. Mpira unatakiwa upite juu ya kibao, kati ya magoti na kifua cha mpigaji, na ukirushwa kwa kasi hufika kabla nusu sekunde haijatimia. Ukipita katikati kabisa, mpigaji hodari ataupeleka majukwaani. Ukienda kombo mara nne, anapewa njia bure. Riziki ya mrushaji imo kwenye zile pembe nyembamba.

Paige aliuanza ufundi huu mahali pagumu. Akiwa na miaka 12 alipelekwa shule ya kurekebisha tabia huko Mount Meigs, akakaa miaka mitano. Huko kocha Edward Byrd alimfundisha kuinua mguu juu sana kabla ya kurusha, mpigaji asipate kuuona mpira mapema. Mengine aliyatia mwenyewe kwa mazoezi. Waliocheza naye walisimulia kwamba alipopasha mwili moto alitandika chini karatasi ya chingamu badala ya kibao, kisha akapitisha mipira juu yake, mmoja baada ya mwingine.

Alikuwa pia na mtego wake. Mguu ukishakanyaga chini, mkono ulisita kidogo hewani. Mpigaji aliyezoea kuufuata mwendo wa mwili alizungusha gongo mapema, akapiga upepo. Baadaye, alipofika ligi kuu, mtego huo ulipigwa marufuku.

Kwa zaidi ya miaka 20 ufundi huo ulionekana katika timu za watu weusi, zikiwamo Pittsburgh Crawfords na Kansas City Monarchs, kwa sababu ligi kuu zilimfungia mlango kwa rangi ya ngozi yake. Mlango ulifunguliwa na mchezaji mweusi Jackie Robinson mwaka 1947. Mwaka uliofuata Paige, mwenye miaka 42, alisajiliwa na timu ya Cleveland. Alishinda michezo sita, akapoteza mmoja, na timu ikatwaa ubingwa. Usiku mmoja wa Agosti watu zaidi ya 78,000 waliingia uwanjani kumtazama, naye hakuwaruhusu wapinzani kupata hata pointi moja.

Inaniuma kwamba miaka yake ya moto haikupata kupimwa mbele ya wapigaji wote wa zama zake. Hasara hiyo haikuwa yake peke yake. Mchezo wenyewe ulijinyima.

Mwaka 1965 mmiliki wa timu ya ligi kuu ya Kansas City alimrudisha uwanjani kwa mchezo mmoja dhidi ya Boston, akamkalisha kwenye kiti cha kubembea ili kuvuta watazamaji. Paige alikuwa na miaka 59. Aliinuka, akarusha kwa vipindi vitatu, na ni mpigaji mmoja tu, Carl Yastrzemski, aliyefanikiwa kuupiga vyema mpira wake. Hakuna aliyepata pointi. Kasi ya ujana ilikwishaondoka. Mkono ulikuwa bado unajua pembe za kile kibao.

Mwaka 1971 aliingizwa katika Jumba la Mashuhuri wa besiboli. Enyi makocha na mafundi mnaolea vijana, wafundisheni shabaha kabla ya nguvu. Nguvu itakuja na umri na itaondoka na umri, lakini shabaha wakishaipata watakaa nayo.